Ufunguo wa Pili

Vijana wawili wa mizigo walilipandisha kabati la chuma hadi ghorofa ya tatu huku wakihema na kulaumiana, na Fébronie akawafungulia mlango akiwa bado na mwiko mkononi. Lilikuwa kabati fupi, la kijivu, zito kuliko sura yake. Walilikaza ukutani kwa skrubu nene katika chumba cha binti yake, pale ilipokuwa meza ya kusomea. Walipomaliza, mmoja alimwomba atie sahihi kwa kidole kwenye simu, kisha akampa kifuko cha nailoni chenye funguo mbili zilizofanana kama mapacha.

"Haya, mama, ni zako," alisema kwa Kiswidi, wakashuka.

Katika nyumba ya Fébronie funguo zote zilikaa mahali pamoja, nazo ni kwenye utepe mweusi aliofunga kiunoni chini ya kitenge. Ufunguo wa mlango, wa stoo ya chini ya jengo, wa sanduku la barua, wa kabati la vyombo vya wageni, na kile kidude cha plastiki cha kufungulia chumba cha kufulia nguo. Mama yake alivaa hivyo kule Burundi, na bibi yake vilevile. Mwenye nyumba alijulikana kwa mlio wake akitembea. Tangu amzike mumewe, Évode, mlio huo ndio uliomwambia kwamba nyumba bado ina mtu. Basi alichukua ufunguo mmoja akauweka mezani kwa ajili ya Ghislaine, na wa pili akautia kwenye utepe. Hakufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

Ghislaine alirudi jioni kutoka kwenye makao ya wazee alikofanya kazi, akaliona kabati, akalikumbatia kama ndugu aliyetoka safari.

"Mamma, limefika! Ufunguo uko wapi?"

"Mezani."

Akauchukua, akafungua, akafunga, akafungua tena, kisha akauvaa shingoni kwenye mkufu wa kipaimara chake. Hakuuliza kama kuna mwingine, na Fébronie hakusema. Kuna kitu kilimchoma kidogo moyoni, kama kokoto ndani ya kiatu. Akakiacha, akaenda kugeuza ndizi zisiungue.

Ghislaine alikuwa na miaka ishirini. Alikuwa mlengaji shabaha katika klabu moja ya Södertälje, na mkono wake ulikuwa umetulia kiasi kwamba makocha walianza kumtaja kwenye kikosi cha mkoa. Lakini bastola ya klabu ilikuwa ya watu wote, na mpini wake ulikuwa mpana kwa kiganja chake. Alihitaji yake mwenyewe. Sheria ya nchi hiyo ilimruhusu, maana alishapita umri, ila haikumruhusu hivi hivi: klabu imdhamini, polisi wamchunguze, na awe na kabati la chuma la kuifungia. Kibali cha kuimiliki ndicho alichokuwa akikililia. Asipokipata, msimu wa mashindano ungempita akiwa amekaa benchi.

Fébronie hakuwahi kusema ndiyo. Alisema, "Sikukatazi." Yeye na binti yake wote wawili walijua kwamba maneno hayo si ndugu.

*

"Wee Mama Ghislaine," Wangari alisema, akimimina maji machafu kwenye sinki la wafanya usafi, "ati ni ukweli huyo msichana wako anataka bunduki?"

Walifanya kazi pamoja kwenye ofisi za Kista, na Jumapili walisali kanisa moja. Wangari alitoka Nyeri, alikuwa na moyo mwema, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Bastola," Fébronie alijibu. "Ya mashindano."

"Na bastola si bunduki? Kwani hiyo inatema maua?"

Fébronie alicheka bila kupenda.

"Usicheke. Hapa kwetu, aki! Kila mwezi tunaona utepe wa polisi umezungushwa mahali. Hao vijana wanatafuta bastola kama watu wanatafuta nyumba, na wewe unataka kuwawekea moja karibu na kitanda."

"Ndiyo maana kuna kabati la chuma."

"Na ufunguo anaweka nani?"

Fébronie alijigusa kiunoni. "Ninao."

"Hapo sawa!" Wangari alipumua. "Hapo umenituliza. Mtoto ni mtoto hata akiota ndevu."

"Hana ndevu."

"Na Mungu asifiwe."

Habari ilikuwa imetokea kanisani, na Fébronie ndiye aliyeitoa. Katika ushirika wao ombi halikupokelewa likiwa nusu. Mtu alisimama na kutaja jambo, jina na mahali, ili watu waombe wakijua wanaomba nini; na siku ya kushukuru alisimama tena akaeleza yote kwa ukamilifu ule ule, watu wakapiga vigelegele. Fébronie alisimama kuomba "kwa jambo la mtoto," wakamwuliza jambo gani, naye akasema. Ghislaine aliposikia alishika kichwa. "Mamma! Kitu kama hicho hakitangazwi. Mtu akijua kiko wapi, anakuja kukichukua."

Alhamisi iliyofuata ilikuwa zamu ya Fébronie kupokea kikundi cha maombi. Alipika chai ya maziwa, akakaanga maandazi, akapanga viti. Mmoja alipiga simu kwamba mgongo unamsumbua. Mwingine alikuwa na mgeni. Wengine hawakupiga kabisa. Wangari peke yake ndiye aliyekuja, akakaa karibu na mlango na koti lake begani.

"Hawaogopi wewe," alisema, akishika andazi la pili. "Wanaogopa kile chumba."

"Kabati ni tupu, Wangari. Kibali hakijatoka."

"Mimi najua. Lakini woga hauulizi kama ni tupu."

Waliomba wawili. Fébronie alishukuru kwa hita zinazotoa joto, kwa lifti iliyotengenezwa, kwa Wangari kuja. Alikuwa na desturi hiyo, kutafuta kitu cha kushukuru kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kochi. Maandazi yaliyobaki aliyagandisha kwenye friza.

*

Polisi walipiga simu Ghislaine akiwa kazini, naye akampigia mama yake. Kesho yake mchana angekuja afisa mmoja kuzungumza naye na kuona mahali anapoishi.

"Usihangaike, mamma. Ni kawaida. Wewe mpe kahawa tu."

Usihangaike! Fébronie alikuwa ameshatembelewa na serikali ya nchi hiyo zaidi ya mara moja tangu watoke kwenye kambi ya wakimbizi ya Kigoma, na alijua wanavyoangalia. Wanatazama vitanda. Wanatazama ndani ya friji. Wanavuta hewa puani kwa adabu na kuandika. Kusugua sakafu za wengine ndiyo ilikuwa kazi yake. Haingewezekana aaibike kwenye sakafu yake mwenyewe.

Siku ya ugeni, Ghislaine alipotoka kwenda zamu yake ya asubuhi, Fébronie alianza. Alisugua bafu, akaosha madirisha, akatoa mapazia akayarudisha. Lakini nyumba ya vyumba viwili ina vitu visivyo na pa kukaa: pasi, blanketi la wageni, sufuria lisilo na mfuniko, furushi la vitenge, viatu vya Évode ambavyo hakuweza kuvitupa. Na zaidi ya vyote, mfuko wa dagaa wa Kigoma ulioletwa na msafiri wiki ile ile. Dagaa wale walinukia mpaka kwenye ngazi. Mwarabu wa jirani alishakohoa.

Alisimama katikati ya chumba cha Ghislaine akizunguka na mfuko mkononi. Mbele yake lilikuwepo kabati la chuma, tupu, lina mlango unaobana kama wa benki. Hakuna harufu ingeweza kutoka mle. Bastola yenyewe haijaja. Na afisa, kwa mawazo yake, angetaka kuona kama kabati limekazwa vizuri ukutani, alitikise kidogo, aende zake.

Akainua kitenge, akashika utepe, akafungua. Vyote vikaingia. Dagaa aliwaweka juu kabisa, akabana mlango kwa goti, akafunga.

"Asante, Mungu wangu, kwa nafasi," alisema.

*

Afisa aliitwa Rebecka. Alikuwa bado kijana, amevaa sweta la kawaida, na alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo lililompendeza Fébronie. Alikunywa kahawa, akasifu usafi wa nyumba. Alimwuliza Ghislaine kuhusu kazi, kuhusu mazoezi, kuhusu usingizi, kama ana rafiki anayemsumbua, kama amewahi kuombwa na mtu amshikie kitu. Ghislaine alijibu taratibu, mgongo umenyooka. Fébronie alisikiliza kutoka jikoni na akajikuta ana fahari ambayo hakuwa ameipa ruhusa.

"Basi naomba nilione kabati," Rebecka alisema.

Waliingia chumbani wote watatu. Ghislaine alitoa ufunguo shingoni na kuuingiza. Fébronie alifumbua mdomo kusema jambo, lakini Kiswidi chote kilimtoka, na Kiswahili pia.

Mlango uliruka kama uliopigwa teke kwa ndani. Kwanza ilitoka harufu. Kisha sufuria likaanguka kwa kishindo, viatu vya Évode vikafuata, na mfuko wa dagaa ukapinduka, ukafunguka, ukamwagika wote juu ya soksi nyeupe za polisi.

Dagaa waliwatazama kwa macho yao madogo.

"Mamma?" Ghislaine alisema, kwa sauti ambayo Fébronie hakuwa ameisikia tangu mtoto huyo akiwa darasa la kwanza.

Rebecka alikung'uta mguu mmoja, halafu wa pili. Hakuwa na hasira. Lakini lile tabasamu la kahawa lilikuwa limeondoka. "Ghislaine, funguo za kabati hili ni ngapi?"

"Mmoja. Ninao mimi."

Fébronie angeweza kunyamaza. Mlango wa kusema uongo ulikuwa wazi kabisa: kwamba binti ndiye aliyemfungulia asubuhi, na mambo yakaisha hapo kwa kicheko. Lakini mtoto wake alikuwa ameshajibu asichokijua, na sasa ndiye angeonekana mwongo. Aliinua upindo wa kitenge mbele ya mgeni, bila haya, akavuta utepe.

"Mbili," alisema. "Wa pili ni huu. Yeye hajui. Nilimficha."

"Una kibali cha silaha?" Rebecka aliuliza.

"Mimi? Nina kibali cha makazi."

Afisa aliuma mdomo, na kwa kitambo kidogo ilionekana kama atacheka, hakucheka. Aliketi ukingoni mwa kitanda ili asiongee akiwa juu ya mama wa watu. "Nikueleze. Silaha ikiwa humu, anayeweza kulifungua kabati ni mwenye kibali peke yake. Si mama, si mume, si mchungaji. Wewe ukiwa na ufunguo, ni kama tumekupa silaha wewe."

"Nilidhani utafurahi," Fébronie alisema. "Nilidhani utasema, ni vizuri, kuna mtu mzima anayeangalia."

"Mtu mzima ni yeye," Rebecka alisema, akimwonyesha Ghislaine kwa kichwa. "Kwa sheria, na kwa kila nilichosikia leo. Lakini siwezi kuandika ambacho sikuona, wala kuacha nilichokiona. Ombi litasimama kwanza. Litaamuliwaje, sijui."

Mlangoni alivaa viatu juu ya soksi zenye magamba ya dagaa, akashukuru kwa kahawa. Fébronie alisikia hatua zake zikishuka ngazi yote ya ghorofa tatu, hakutumia lifti.

*

Ghislaine alipiga magoti akaokota dagaa mmoja mmoja.

"Niache mimi, mwanangu."

"Hukusema."

"Hukuuliza."

"Mamma, hicho si kitu cha kujibu!" Akaendelea kwa Kiswidi, haraka, kama alivyofanya tangu utoto kila alipotaka kulia asionekane analia. Kwamba amengoja. Kwamba ameruhusu watu wamchunguze mpaka usingizi wake. Kwamba watu wote wamemwamini isipokuwa mtu mmoja, na mtu huyo analala chumba cha pili. Mwishoni akarudi kwenye Kiswahili, maana kuna maneno aliyataka yafike. "Uliogopa nitafanya nini? Sema."

Fébronie alitazama mikono yake. "Félix alikuwa mpole kuliko wewe," alisema. "Mdogo wangu. Hata kuku alikuwa hachinji. Walimpa bunduki hajaota hata ndevu, na baada ya hapo sikumjua tena. Halafu hatukumwona tena."

"Najua, mamma. Nimekua na habari ya Félix kama ndugu yangu wa chumba kimoja. Lakini mimi si yeye."

Alisimama, akaweka mfuko wa dagaa kwenye meza ya jikoni. Akavua mkufu, akatoa ufunguo wake, akaulaza kando ya mfuko.

"Chukua na huu. Sasa unazo zote."

Akaenda kwa rafiki yake Alma, Södertälje, na hakusema atarudi lini.

Fébronie alibaki na nyumba safi. Alipotembea, funguo zililia kama kawaida, na kwa mara ya kwanza mlio ule ulimchosha. Alijaribu kutafuta cha kushukuru. Alitafuta sana.

*

Jumamosi alipanda treni ya chini ya ardhi kutoka Akalla, walikoishi, akabadilisha katikati ya mji, akachukua treni ya Södertälje. Alipata kiti dirishani, akashukuru kwa kiti. Funguo mbili alikuwa amezifunga kwenye kitambaa, akazishika kiganjani njia nzima.

Klabu ilikuwa chini ya ardhi, ndani ya jengo la zamani la kiwanda. Aliyemfungulia alikuwa mwanamke mzee mwenye miwani minene na suruali ya kitambaa kigumu, kiongozi wa klabu, jina lake Elsa.

"Wewe ndiye mama wa dagaa," Elsa alisema.

Fébronie aliona uso wake ukiwaka moto. "Ndiyo mimi."

"Ingia. Hapa tumecheka siku mbili, isipokuwa binti yako." Akampa vizuia sauti vya masikioni, akamsimamisha nyuma ya kioo kinene. "Tazama kwanza. Kuongea tutaongea."

Upande wa pili Ghislaine alikuwa akifundisha. Mwanafunzi wake alikuwa mwanamke wa makamo, mkubwa wa mwili, mwenye pete nyingi. Fébronie hakusikia maneno, aliona tu. Aliona binti yake akionyesha jambo lile lile mara nyingi bila kukunja uso. Halafu yule mwanamke, kwa furaha ya kugonga shabaha, akaanza kugeuka na bastola mkononi ili aonyeshe watu. Ghislaine hakupiga kelele wala hakurukaruka. Aliinua kiganja na kusema neno moja. Mwanamke akaganda. Bastola ikarudi mezani, mdomo ukielekea ukutani, mikono ikaondoka, watu wote waliokuwa kwenye mstari wakaziweka zao na kurudi nyuma, hata mzee mmoja mwenye mvi. Walisimama hivyo mpaka binti huyo mwembamba alipowaashiria kwa kichwa waendelee.

"Hata mimi hunisimamisha," Elsa alisema. "Juzi nilisahau miwani mezani nikavuka mstari kuifuata. Alinitoa nje kama mlevi."

"Wewe? Kiongozi?"

"Mimi. Na ndiye anayefunga ukumbi huu jioni. Ana funguo zetu zote tangu mwaka jana. Hakukuambia?"

Hakumwambia. Fébronie alikumbuka mkoba wa binti yake, mzito daima, uliokuwa ukitoa mlio fulani kila alipouweka chini. Yeye alidhani ni chupa ya maji.

"Mume wako anajua ufunguo wako wa kabati uko wapi?" Fébronie aliuliza.

"Alikufa hajui. Na tuliishi pamoja maisha yote."

"Hakuudhika?"

"Aliudhika sana," Elsa alisema. "Alikuwa akiutafuta kila nikienda kuoga. Mungu amrehemu."

Wakacheka, wajane wawili nyuma ya kioo, mpaka Ghislaine akageuka na kuwaona.

Alitoka akiwa bado na vizuia sauti shingoni. Hakusalimia kwanza, kisha akasalimia, maana hivyo ndivyo alivyolelewa. "Shikamoo, mamma."

"Marahaba." Fébronie alifungua kitambaa. Hakumpa funguo kama mtu anavyompa mtoto kitu. Alinyoosha mkono wa kulia, na wa kushoto ukashika kiwiko, akainama kidogo, kama inavyofanywa kwao mtu akimpa mkubwa. Ghislaine aliona, macho yake yakajaa.

"Zote mbili," Fébronie alisema. "Kabati nimelitoa kila kitu, nimelisugua kwa siki. Sitaulizia tena zinakaa wapi."

"Umechonga mwingine?"

"Nilifikiria."

"Mamma!"

"Nilifika mpaka dukani. Palikuwa pamefungwa. Nikasema asante, Mungu, nikarudi nyumbani."

Elsa alitaka atafsiriwe. Ghislaine alijaribu, akashindwa katikati kwa kucheka na kulia, na ikabidi atafute karatasi ya kufutia pua.

Walirudi Akalla pamoja, binti akiwa amelala begani mwa mama kama zamani. Treni ilipita kando ya maji yaliyoganda, na Fébronie akawaza. Watu waliompa Félix bunduki hawakuuliza umri wake. Hawakuuliza kama analala vizuri, hawakuuliza jina la mama yake. Walimtupia kama mtu anavyotupa jembe. Na hapa wamekuja mpaka chumbani, wamevua viatu, wamefungua kabati, wamekuta samaki, na kwa sababu ya samaki wamesema ngoja kwanza. Ilikuwa imemuuma, ngoja hiyo. Sasa aliitazama upande wa pili na kuona kwamba maisha yake yote alikuwa ametamani mtu mmoja tu wa serikali aje mlangoni kwao aseme hivyo kwa ajili ya Félix: ngoja kwanza.

*

Ghislaine aliwaandikia polisi yote yaliyotokea bila kupunguza, na majira yalianza kugeuka kabla Rebecka hajarudi. Safari hii alikuta kabati tupu linalonukia siki kidogo. Kisha akasimama mbele ya Fébronie jikoni.

"Samahani, mama. Naomba kuziona funguo zako."

Wangari alikuwepo, amekuja kunywa chai. Akaguna kwa niaba ya marafiki wote wa dunia. "Yaani mama wa watu anapekuliwa jikoni kwake?"

"Mwache," Fébronie alisema. "Anafanya kazi yake." Akainua upindo wa kitenge, akavuta utepe, akazitaja moja moja: mlango, stoo, barua, vyombo vya wageni, kufulia.

"Na wa kabati?"

"Sijui uko wapi."

"Hata hudhani?"

"Nikianza kudhani nitaanza kutafuta. Sijui."

Rebecka aliandika. Kisha akanusa hewa, na wote wakatazama jiko, ambako dagaa walikuwa kwenye sufuria, wamekaangwa na nyanya na kitunguu, mbele ya macho ya serikali. Fébronie alimpakulia kisahani bila kuuliza. Afisa alisema akiwa kazini hali. Halafu akala mmoja. Halafu akavuta kiti.

"Wale wa soksi walikuwa hawajapikwa," Fébronie alimwambia. "Usiwahukumu kwa siku ile."

Kibali kilitoka kabla ya msimu kuanza.

Siku Ghislaine alipoileta bastola nyumbani, ndani ya sanduku lake, Fébronie alikuwa anaosha vyombo. Alisikia hatua zikipita nyuma yake, mlango wa chumba ukifungwa, na baada ya kimya kirefu, mlio mzito wa kabati likijifunga. Miguu ilitaka kwenda. Aliibakiza pale pale, akaosha kikombe ambacho kilikuwa kimeshatakata.

"Mamma, kuna chai?" Ghislaine alisema mlangoni, mikono mitupu.

"Ipo. Kaa."

*

Jumapili, katika ukumbi waliokodi Kista, mchungaji aliita wenye shukrani. Fébronie alisimama. Mabenchi yalinyamaza haraka kuliko kawaida. Wale wa mgongo na wale wa wageni waligeuka wote, maana jambo la mtoto wake lilikuwa limeombewa kwa jina na mahali, na sasa walitaka kusikia limeishaje. Ghislaine, aliyekaa kando yake, alitazama chini. Hakuwa amemwomba mama yake anyamaze. Alikuwa amejizuia.

"Bwana asifiwe," Fébronie alisema.

"Amina!"

"Namshukuru Mungu kwa mwanangu, ambaye ni mtu mzima. Namshukuru kwa watu wa nchi hii wanaouliza maswali mengi. Na namshukuru kwa ufunguo nisio nao."

Walingoja. Hakuna kigelegele kilichotoka. Hawakujua wakiweke wapi.

"Fafanua, mama!" Wangari aliita kutoka nyuma, ingawa yeye alijua kila kitu, na alikuwa akitabasamu.

"Nimemaliza," alisema Fébronie, akaketi. Utepe ulilia kidogo kiunoni mwake. Ghislaine alinyoosha mkono, akaushika wa mama yake, na kutoka benchi la nyuma Wangari, asiyejua kungoja, akapiga kigelegele peke yake.